Eti mtu wa group O hapati ukimwi? Kaka yangu ananitia hofu

Msela wa Nyakato

Wakuu habari za jioni. Mnisaidie kwenye hili maana mimi baiolojia nilipata F na sioni aibu kusema.

Kaka yangu, tumbo moja, anakaa Sengerema. 2014 mke wake akiwa na mimba ya pili alipima kliniki akakutwa na virusi, wakamwita na bro akapime, yeye hana. Miezi mitatu mbele wakarudia, hana. Mpaka leo wana watoto watatu, wote wazima, wanalala kitanda kimoja na bro kila akipima hana. Mimi hiyo sikuwahi kuihoji, nilikua nashukuru Mungu tu na maisha yanaenda.

Shida imeanza mwaka jana alipofanyiwa oparesheni ya ngiri. Wakampima group wakamwambia yeye ni O. Sasa kuna jamaa wa duka la dawa pale mtaani akamwambia "ndo maana, O virusi havishiki, damu yenu ngumu". Wakuu tangu siku hiyo hatulali. Kila kijiwe ni damu ngumu, damu ngumu. Ameanza kuchepuka waziwazi, kinga hataki, na kupima hataki anasema ni kuwamalizia serikali vipimo bure. Shemeji kanipigia juzi saa 5 usiku analia, anasema hajui amwambie nini maana hata yeye anajiuliza kwanini huyu mtu haambukizwi.

Sasa nauliza: hiyo ya group O ina ukweli? Na kweli kuna watu wamezaliwa damu zao zinakataa virusi? Kuna mtu kaniambia wazungu wengine hawapati kabisa, yaani ni kwa kabila au kwa uzao au vipi?

Kiroba cha Dagaa

Group O 😂😂 mkuu mimi ni O, binamu yangu marehemu alikua O, na aliyemuambukiza naye sijui labda alikua O. Hapa nchini karibu nusu ya watu ni O, ingekua kweli si nusu ya foleni ya CTC (kliniki ya dawa za ukimwi) ingekua nyumbani inapika ugali? Mwambie bro aache ujinga. Huyo wa duka la dawa naye aendelee kuuza panadoli.

Mama Maabara

Mdogo wangu, mimi nipo maabara mwaka wa 19 huu na hii hadithi ya O nimeisikia kwa wagonjwa, kwa walimu, na siku moja kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Ngoja nikueleze taratibu, ila kwanza nijibu: shemeji yako anakunywa dawa vizuri? Na wingi wa virusi wake ukoje?

Haya, group. A, B na O ni aina ya sukari zilizobandikwa juu ya seli nyekundu za damu. Mtu wa O hana ile sukari ya mwisho, basi. Kirusi cha ukimwi hakina habari na seli nyekundu, kinatafuta seli nyeupe zinazoitwa CD4. Kwahiyo kusema O inazuia ukimwi ni sawa na kusema rangi ya geti lako inazuia mwizi anayepitia darini.

Ila nisikudanganye kwamba hizo sukari hazina kazi popote. Zina kazi kwa virusi vingine, tena ndo palipo patamu. Sukari hizihizi watu wengi wanazitoa pia kwenye mate na kwenye ukuta wa utumbo, na kinachoamua uzitoe au usizitoe ni jeni inaitwa FUT2 (jeni jamani, sio jini wa Tanga). Sasa kuna kirusi cha kutapika na kuharisha kinaitwa norovirusi, kinahitaji kuzishika hizo sukari ndo kiingie. Ulaya na sehemu nyingi za Afrika karibu mtu mmoja kati ya watano hazitoi, na hao aina zile za norovirusi zinazosumbua sana duniani haziwapati, meli nzima inaumwa yeye anakula. Hiyo ndo damu ngumu ya kweli, ila ni ya kuharisha na wala haihusiani na kuwa O.

Rota, kirusi kingine cha kuharisha kinachosumbua watoto, ndo ileile. Kule Burkina Faso watafiti walichapisha mwaka 2014, waliangalia watoto wakakuta wengi hawana sukari moja inaitwa Lewis, wengi kuliko watoto wa Ulaya, na hao watoto ile aina ya rota iliyozoeleka duniani haikuwashika, badala yake walishikwa na aina nyingine ambayo Ulaya ni nadra. Sasa fikiria chanjo ya matone wanayopewa watoto wetu wiki ya 6 na ya 10, imetengenezwa na kirusi kilichodhoofishwa cha ile aina iliyozoeleka. Kama kirusi cha chanjo chenyewe hakipati pa kushika kwenye utumbo wa mtoto, kitamfundisha nini? Ni moja ya sababu zinazochunguzwa kwanini chanjo hii huku kwetu inakinga chini kuliko Ulaya. Bado inaokoa watoto wengi sana, msije mkaacha kuwapeleka kliniki mkasema mama maabara kasema.

Msela wa Nyakato

Asante sana mama. Ndio shemeji anakunywa tangu siku ileile ya 2014, hajawahi kukatisha hata akienda msibani anabeba. Kadi yake nimeiona, wameandika TND mara zote za karibuni.

Mama Maabara

Basi jibu lako umelishika mkononi mwako. TND maana yake kipimo kimetafuta kirusi kwenye damu hakijakiona. Mtu wa hivyo akiendelea na dawa haambukizi kwa ngono. Hii sio maneno ya kumpoza, wamefuatilia maelfu ya wenza wenye majibu tofauti, wengine bila kondomu kwa miaka, kutoka kwa mwenza ambaye virusi havionekani hakukupatikana hata maambukizi moja.

Na hata ile miezi ya mwanzo kabla dawa haijakolea, kirusi hiki kwa tendo moja la kawaida la mume na mke nafasi yake ya kupita ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kinachoua ni kurudiarudia na bahati mbaya, vidonda, magonjwa ya zinaa, mwenza mwenye virusi vingi. Bro wako alibahatika mwanzoni, halafu shemeji akamlinda kwa kidonge kila siku miaka yote hiyo. Anayetembea na damu ngumu ni yule mama.

Kamau wa Eastlands

Wasee wa Tz salaam. Hii story ya watu damu inakataa si uongo lakini, huku Nairobi tuko na yetu. Mimi nimekulia karibu na Majengo, Pumwani. Kila mtu huko anajua ile kliniki. Tukiwa watoto tulikuwa tunaona wazungu wanashuka na vibox vya barafu tunafikiri wanauza aiskrim.

Ilianza miaka ya 80, watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wale wa Manitoba, Kanada, daktari mmoja anaitwa Frank Plummer. Hawakuwa wanatafuta ukimwi, walikuwa wanachunguza magonjwa ya zinaa kwa akina mama wanaouza mwili. 1985 wakapima HIV, kama theluthi mbili ya wale wamama walikuwa nayo tayari. Hiyo ilishtua watu. Lakini miaka ikienda kitu kingine ndio kikashangaza zaidi: kuna wachache, kati ya 5 na 10 kwa 100, wamefanya hiyo kazi miaka na miaka wakati huo dawa hakuna, wateja ni wengi kwa siku, na hawapati. Hesabu ya bahati haikuwa inatosha tena.

Wakafungua damu yao wakatafuta ile jeni ya wazungu wanasema inafunga mlango, hawakuipata, kwa hivyo sababu ilikuwa ingine. Wakakuta wengine wako na seli za kinga zinazotambua HIV, yaani mwili umeshapigana nayo na kirusi hakijakaa. Wakakuta tena kinga yao iko kimya, haipandi moto ovyo, na kirusi hupenda seli ambazo zimechemka kwa hivyo kinakosa pa kuzaana. Na kuna tofauti kwenye jeni fulani, moja inaitwa IRF1, walikuwa nazo zaidi ya wenzao.

Sasa bro wa huyo ndugu asikilize hapa. Baadhi ya hao hao wamama, baada ya miaka bila kitu, waliacha kazi kidogo, labda ameenda ushago kupumzika ama amepata mtu mmoja wa kumshughulikia, akirudi kazini anapata virusi. Yule "hawezi ambukizwa" akaambukizwa. Wataalam wakasema labda kinga yao ilikuwa inashikiliwa na kule kukutana na kirusi kila mara, ukipumzika inasahau. Plummer mwenyewe alifia hapa Nairobi Februari 2020, alikuja kwa sherehe ya miaka 40 ya huo ushirikiano. Miaka yote hiyo na chanjo bado haijatoka kwa hao wamama. Kwa hivyo mtu akiniambia yeye anajua damu yake ni ngumu juu amefanyiwa oparesheni ya ngiri, nacheka tu.

Mzalendo Halisi

Kamau amegusa penyewe. "Ile jeni ya wazungu". Kwanini wao wanayo na sisi hatuna? Ugonjwa unaletwa Afrika halafu kinga ipo Ulaya? Amkeni jamani, hakuna bahati ya namna hiyo.

Doto Mkemia

Mzalendo nakuheshimu ila hapo hapana, na nitakuambia kwa nini maana hii ndo niliisomea.

Kirusi kikifika kwenye seli nyeupe ni kama mtumbwi unafika gatini. Kwanza unafunga kamba kwenye nguzo, nguzo hiyo ndo CD4. Lakini kamba peke yake haishushi mzigo, lazima kuwe na ubao wa kushukia, ubao huo unaitwa CCR5. 1996 ikagundulika kuna watu kwenye jeni ya CCR5 zimedondoka herufi 32, ubao unaotengenezwa unakua mfupi haufiki nje ya seli, kwahiyo mtumbwi umefunga kamba vizuri tu ila abiria wanabaki wanatazama nchi kavu. Ukirithi nakala hiyo kwa baba na kwa mama, HIV ya kawaida inakushindwa. Ukirithi kwa mzazi mmoja unaambukizwa ila ugonjwa unakwenda polepole. Kaskazini ya Ulaya kama mtu 1 kati ya 5 ana nakala moja, na 1 kati ya 100 ana zote mbili. Afrika na Asia Mashariki karibu haipo. Na hata hao wenye mbili sio chuma, kuna virusi vya ukimwi vinavyotumia ubao wa jirani unaitwa CXCR4.

Sasa kuhusu njama. Hiyo jeni ina maelfu ya miaka, na HIV imeruka kutoka kwa sokwe kuja kwa watu huku Afrika ya kati mwanzoni mwa karne ya 20. Utatengenezaje kinga ya ugonjwa ambao haujazaliwa? Ilisambaa kule kwa sababu nyingine, wengine walisema ndui, wengine tauni, wamebishana mpaka leo. Ni kama sikoseli kwetu: kuwa na nakala moja kunapunguza malaria kali, ndo maana imejaa Kanda ya Ziwa na sio Norwe. Hakuna mtu alikaa ofisini akawanyima Wanorwe sikoseli.

Na haiji bure. Kuna kirusi cha West Nile, jina limetoka Uganda kilipopatikana 1937. Kilipoingia Marekani ikaonekana wale wenye CCR5 iliyokatika mara mbili wanaugua zaidi kikiwapata. Mlango umefunga huku, umeacha wazi kule.

Yule Timothy Ray Brown mnayemsikia, "mgonjwa wa Berlin", alikua na ukimwi na saratani ya damu. 2007 wakampa uboho wa mtu ambaye ana nakala zote mbili zilizokatika, virusi vikapotea havikurudi. Alikufa 2020 kwa ile saratani kurudi, sio ukimwi. Watu wakisikia hiyo wanauliza tupandikizwe wote, mkuu kubadilisha uboho kunaua watu, wanafanyiwa wenye ugonjwa mkubwa kama saratani tu ambao hawana njia nyingine. Kidonge kimoja kwa siku ni rahisi mara elfu.

Bibi Kea Leicester

Salaam kutoka baridini. Niongeze ya Covid maana mimi nipo kwenye kea home, nyumba ya kulea wazee, huku na 2020 niliona mambo. Ikatoka habari kwamba kuna kipande cha kromosomu ya 3 ambacho ukiwa nacho Covid inakuchukua vibaya, hatari ya mapafu kushindwa kufanya kazi inakaribia kuongezeka mara mbili. Na kipande chenyewe kimetoka kwa Neandathali, wale watu wa kale wa Ulaya na Asia waliotoweka miaka 40,000 huko nyuma, binadamu waliotoka Afrika kwenda huko walizaa nao. Aliyegundua ni Hugo Zeberg na Svante Pääbo, huyu Pääbo akapata Nobeli 2022. Asia Kusini kama nusu ya watu wanacho, Bangladesh wanafika 63 kwa 100, Ulaya 16, Afrika karibu hakuna.

Mzalendo umeona? Hapo sisi ndo tumepona. Na mwaka uliofuata haohao wakakuta kipande kingine cha Neandathali kromosomu ya 12 ambacho kinasaidia kupunguza ukali. Babu mmoja kaacha deni na shamba.

Lakini sasa niwaambie nilichoona kwa macho. Wimbi la kwanza hapa Uingereza watu weusi tulikufa kuliko wazungu, na sisi hicho kipande hatuna. Ni nini basi? Ni kazi. Nani alikua anaendesha basi, nani anasukuma vitanda, nani anakaa watu saba flati ya vyumba viwili. Mimi na Mbangladeshi mwenzangu tulipewa glavu moja moja na aproni ya nailoni, meneja yuko nyumbani kwenye zumu. Jeni ilikua na mchango wake kwa yule mwenzangu, sikatai, ila aproni ilikua ni moja.

Mama Maabara

Bibi umenigusa, pole sana.

Niongeze kitu kimoja maana watu wanachanganya vitu viwili. Kuna kutoambukizwa, na kuna kuambukizwa halafu mwili ukakidhibiti kirusi bila dawa. Hao wa pili ni chini ya mtu 1 kwa 100, na wengi wao siri iko kwenye jeni za HLA. HLA ni kama sinia, seli ikishambuliwa inaweka vipande vya kirusi kwenye sinia inatoa nje ili askari waone. Sinia zinatofautiana, kuna inayoitwa B*57 inaonyesha vile vipande ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha bila kujiumiza. Wazungu wana B*57:01, sisi tuna ndugu yake B*57:03, zote zinasaidia. Ile ya wazungu ndo hiyohiyo mtu akiwa nayo akipewa dawa ya ukimwi inaitwa abakavia anaweza kupata mzio mbaya sana, ndo maana huko kwao wanapima kwanza.

Na hii "Waafrika, Waafrika" tuitumie kwa uangalifu. Afrika ndo ina tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote, Mhadzabe na Mnyaturu wanakaa jirani lakini kijeni wanatofautiana sana. Sasa ukisema jeni ya Kiafrika unamaanisha ya nani?

Nyakato, mwambie bro hivi: nyumbani kuna mtu ambaye wingi wake wa virusi unajulikana mpaka tarehe. Huyo wa nje wingi wake anaujua nani? Na kama hawezi kutulia basi PrEP ipo, dawa anayokunywa mtu asiye na virusi ili asiambukizwe, aulize hapohapo CTC anapochukulia mkewe dawa.

Msela wa Nyakato

Wakuu mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki nzima.

Jumapili nilipanda gari mpaka Sengerema maana kwenye simu asingenielewa. Tumekaa nje chini ya mwembe, nikamuelezea ya mtumbwi na ubao, ya wamama wa Majengo nikamsomea kama ilivyo. Mwanzo alikua anacheka. Nilipofika kwenye TND akaomba aone kadi ya shemeji, wakuu huyu mtu miaka yote hajawahi kuifungua ile kadi. Kaangalia zile tarehe muda mrefu. Akaniuliza "kwahiyo hii yote ni huyu?" akimaanisha mke wake, alikua jikoni anageuza samaki. Nikamwambia ndio. Hakusema kitu mpaka chakula kikaletwa.

Jumatano shemeji kaniambia wameenda wote kliniki kuchukua dawa. Bro alibaki nje amekalia pikipiki kama nusu saa, halafu akazima simu akaingia. Amepima, hana. Ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu kwa sababu ya hayo mambo yake ya juzi juzi, na amekubali. PrEP amesema atafikiria. Duka la dawa bado anapita, hayo siwezi kumkataza, ni rafiki yake wa bao.

Mama Maabara shemeji anakusalimia sana.

Kiroba cha Dagaa

Safi sana mkuu. Na ngiri yenyewe ilipona?